Barua ya wazi kwa kamati ya riadha ya shule za sekondari: mita 3200 si mbio za saa tisa alasiri

Kwa Wajumbe wa Kamati ya Riadha,
Chama cha Michezo ya Shule za Sekondari cha jimbo letu.

Waheshimiwa,

YAH: RATIBA YA MITA 1600 NA MITA 3200 KATIKA MASHINDANO YA UBINGWA WA JIMBO

Ninawaandikia nikiwa mzazi, nikiwa Mtanzania mzaliwa wa Mbulu niliyeishi katika jimbo hili la Marekani kwa miaka 19 sasa, na nikiwa mmoja wa wale wazee mnaowaona kila mwisho wa Mei wakiwa wamevaa fulana za njano za kujitolea, wamesimama karibu na mstari wa kumalizia, wakigeuza kibao cha namba ili wakimbiaji wa mbio ndefu wajue raundi zilizobaki. Kazi hiyo nimeifanya misimu sita. Si kazi kubwa, ila humfanya mtu awatazame watoto usoni kila wanapopita, na katika mita 3200 wanapita mara nane. Aliyeko jukwaani huona nani anaongoza. Mimi huona nani ameanza kuzidiwa.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Katika mashindano yenu ya miaka ya karibuni, ukipita kati ya wazazi waliokaa upande wa kona ya mwisho, utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Kigoma, cha Bujumbura na cha Eldoret, na wazazi hao ndio ninaotaka wasome kwanza. Kila mwaka sisi hutafuta mtu wa kututafsiria fomu zenu za afya na za ridhaa ya mzazi. Safari hii naomba ninyi mtafute wa kuwasomea barua yangu, na asipopatikana, niiteni mwenyewe nije niisome.

Ombi langu ni moja, nami nalitaja mapema ili asiyependa barua ndefu aishie hapa: iondoeni fainali ya mita 3200 katika saa za alasiri. Mashindano yakichukua siku mbili, itengeni na mita 1600 kwa usiku mmoja. Yakiwa ya siku moja, iwekeni ya kwanza kabisa, saa mbili asubuhi, kabla ya mbio za vijiti za mita 800 mara nne.

Sababu yangu ilianza mwaka juzi. Ilikuwa Jumamosi, na ubao wa matangazo ulionyesha nyuzi 93 za Farenhaiti, yaani karibu nyuzi 34 za Selsiasi. Hiyo ni hewa tu. Tartani yenyewe, yaani sakafu ya mpira ya njia za kukimbilia, ilikuwa imepikwa na jua tangu asubuhi, kiasi kwamba watoto waliokaa kando wakisubiri zamu yao walikuwa wametandika mataulo ili wasiungue mapaja. Binti wa jirani zetu, mwenye umri wa miaka 16 wakati huo, alikuwa amekwisha kukimbia mara mbili. Asubuhi alishika kijiti cha tatu katika mita 800 mara nne, na adhuhuri akakimbia mita 1600 akawa wa tano. Familia yake ilitoka milima ya Kivu Kusini, ikakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa huku, na mama yake alikuwa ameketi karibu nami juani, kanga ameitupia kichwani, akigawa maandazi kwa kila aliyepita. Spika ilipowaita wakimbiaji wa mita 3200, akamwona mwanawe akikaza tena kamba za viatu vya spaiki.

“Kaka,” akaniuliza, “mbona anaitwa tena? Si alishakimbia?”

Nikamjibu, “Ndiyo ratiba, dada.” Nikachukua kibao changu nikashuka uwanjani.

Raundi nne za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tano akaachwa na kundi la mbele, jambo la kawaida kabisa. Alikuwa akitoka jasho kama wenzake, na hilo ndilo linalowadanganya wengi, kwa maana watu wamefundishwa kwamba mgonjwa wa joto huwa mkavu; anayekimbia huweza kuzidiwa na joto huku jasho likimtiririka. Nilipopiga kengele ya raundi ya mwisho, aligeuka akanitazama kana kwamba kengele ile haikumhusu, kisha akahama kutoka njia ya kwanza hadi ya tatu bila kumpita mtu yeyote. Alianguka mita kama 60 kabla ya kumaliza, akainuka mwenyewe, akavuka mstari akiwa wa kumi na nne. Mwamuzi wa mstari alimshika bega. Binti akamwuliza, kwa Kiswahili, kama kijiti kimeshafika na kama ni zamu yake kupokea. Mwamuzi hakuelewa neno hata moja. Akampapasa mgongoni, akamwambia kwa Kiingereza kwamba amefanya kazi nzuri, akamwonyesha meza ya maji. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka hapo, na mgongo wangu ulipoa.

Beseni la barafu lilikuwapo, siwezi kusema halikuwapo. Lilikuwa nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, upande wa pili wa uwanja, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na bomba. Wahudumu wawili wa afya, watu wema ambao sina neno nao, walimbeba wakimpitisha katikati ya uwanja huku warusha kisahani wakisimamishwa, na mimi nikifuata nyuma na kibao cha namba mkononi kwa sababu sikukumbuka kukiweka chini. Alilala hospitali usiku mmoja. Amepona, na anakimbia tena. Wazazi wake wameniruhusu nilisimulie hili bila kumtaja, na sitaki aonewe huruma.

Kinachonisumbua ni jibu nililompa mama yake. Ndiyo ratiba: kana kwamba ratiba ni mvua, ikinyesha unaingia ndani na kungoja. Ratiba iliandikwa na watu, ninyi mkiwamo, na inaweza kuandikwa upya na watu haohao.

Mnajua vizuri kuliko mimi ilikotoka. Mpangilio unaotumika katika majimbo mengi unafuata ule unaopendekezwa na kitabu cha kanuni cha shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo vya shule za sekondari, lenye makao yake Indianapolis. Humo mita 800 mara nne hufungua siku, mita 1600 hukaa katikati, mita 800 huja baadaye, na mita 3200 huwa ya pili kutoka mwisho, kabla tu ya mita 400 mara nne. Mpangilio huo una busara yake, wala simlaumu aliyeubuni. Katika mashindano ya kawaida ya Aprili, yanayoanza saa kumi jioni baada ya masomo, unampa mkimbiaji wa mbio ndefu nafasi kubwa kuliko zote ya kupumzika kati ya mbio moja na nyingine, na mita 3200 zinakimbiwa jua likizama, hewa ikiwa imepoa hadi wazazi wanatafuta sweta. Kosa ni kuuchukua mpangilio uleule, bila kubadili hata mstari mmoja, na kuubandika juu ya Jumamosi ya mwisho wa Mei inayoanza saa tatu asubuhi. Saa ya kupoa ya Aprili inageuka kuwa saa kali kuliko zote ya Mei. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba watoto wakimbie raundi nane saa tisa alasiri. Imetokea tu kwa kunakili, na ndiyo maana naamini inaweza kurekebishwa bila mtu kuvunjiwa heshima.

Kanuni ileile inasema mwanamichezo asiingie katika michezo zaidi ya minne kwa shindano moja, mbio za vijiti zikihesabiwa humo. Kwenye karatasi ni haki kwa wote. Lakini hebu pigeni hesabu pamoja nami. Mtoto wa mbio fupi akikimbia mita 100, mita 200, kijiti chake cha mita 100 na kijiti chake cha mita 200, atakuwa amekimbia mita 600 siku nzima. Mtoto wa mbio ndefu akikimbia kijiti cha mita 800, kisha mita 1600, kisha mita 800, kisha mita 3200, atakuwa amekimbia mita 6,400, yaani raundi 16 za uwanja, na zote ni kwa kasi ya kushindana. Wote wawili wamefikisha minne. Aliyeandika minne alikuwa akimlinda mtoto, ila alihesabu michezo badala ya mizunguko.

Mtasema kwamba hakuna anayelazimishwa, na kwamba kocha na mtoto ndio wanaochagua. Nimekaa na makocha wengi, wengine ni rafiki zangu, na najua uchaguzi huo unavyofanyika. Mshindi analeta alama 10, wa pili 8, wa tatu 6, na hivyo kushuka mpaka wa nane anayeleta 1. Shule ndogo yenye wakimbiaji wanne wazuri haiwezi kupanda jukwaani bila kuwatumia mara tatu au nne kila mmoja. Kocha hamlazimishi mtu. Anamwuliza tu mtoto wa miaka 16, mbele ya wenzake, ndani ya basi, kama anajisikia vizuri. Kwa watoto wa familia zetu kuna jambo jingine linaloongezeka: mashindano ya jimbo ndipo makocha wa vyuo vikuu wanapokuja na saa zao, na mtoto anayejua kwamba wazazi wake hawana njia nyingine ya kumlipia chuo hatasema amechoka. Angewezaje?

Hapo pia ratiba ya sasa inaharibu kile inachoahidi. Kocha wa chuo hatazami medali peke yake, anatazama muda. Fainali ya alasiri katika joto lile hukimbiwa kwa kutegeana, kila mmoja akiogopa kuongoza, raundi sita za mwendo wa kunyata kisha mbili za kukimbizana. Nimegeuza kibao katika fainali ambazo mshindi alimaliza polepole kuliko muda aliokuja nao kutoka mashindano ya kanda. Medali alipata, lakini muda wa kumwonyesha kocha wa chuo hakuupata, na huo ndio uliomleta.

Najua pia mtaniambia kwamba mabingwa wamekuwa wakifanya hivyo siku zote, na ni kweli, nami nawaheshimu. Meb Keflezighi, mzaliwa wa Eritrea aliyesoma sekondari San Diego, alitwaa mataji yote mawili ya California, mita 1600 na mita 3200, mwaka 1994, miaka 10 kabla ya medali yake ya fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Athens. Mwaka 2008 German Fernandez alikimbia mita 1600 kwa dakika 4 na sekunde 0.29 katika mashindano ya jimbo hilohilo yaliyofanyika Norwalk, kisha jioni hiyohiyo akarudi na kumaliza mita 3200 kwa dakika 8 na sekunde 34.23. Na nyuma zaidi kuna Jim Ryun, aliyekimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 58.3 katika mashindano ya jimbo la Kansas mwaka 1965, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Sisi Watanzania hatulisahau jina hilo, kwa kuwa rekodi yake ya dunia ya maili, dakika 3 na sekunde 51.1 aliyoiweka mwaka 1967, ilivunjwa na Filbert Bayi wa Karatu kule Kingston, Jamaika, mwaka 1975, kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde. Nilipokuwa mtoto, habari hiyo ilisimuliwa kwetu Mbulu kana kwamba Bayi alikuwa amepita barabara ya chini ya shule yetu.

Lakini Fernandez alikimbia jioni, na wa kumfanana hupatikana mmoja katika kizazi. Fainali yenu ina watoto 16, mara nyingine zaidi, na ratiba ni ya wote 16. Na kama tunataka kujipima kwa wakubwa, basi tuwatazame wakubwa wanavyopangiwa. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Beatrice Chebet wa Kenya alishinda mita 5000 tarehe 5 Agosti na mita 10,000 tarehe 9 Agosti. Ni mtu mzima, ni mwanariadha wa kulipwa, ana daktari na mkandaji wake, na kati ya fainali yake moja na nyingine alipewa siku nne. Binti wa jirani yangu, mwenye mtihani wa kemia Jumatatu, alipewa saa mbili na nusu. Mwaka 2019 marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia kule Doha iliwekwa usiku wa manane ili kulikwepa jua, na hata hivyo kati ya wanawake 68 walioanza ni 40 tu waliomaliza. Waandalizi wale walilaumiwa sana, na kwa haki, lakini walau walilikubali jambo moja: saa ya kuanza ni sehemu ya mbio.

Naomba niseme machache kuhusu joto lenyewe, kwa sababu nimesikia mengi yasiyo sahihi yakisemwa chini ya mahema yenu. Misuli inayofanya kazi huzalisha joto, na kadiri inavyofanya kazi kwa nguvu ndivyo inavyozalisha zaidi. Mkimbiaji wa mita 100 humaliza kabla joto halijapata nafasi ya kujikusanya mwilini. Mwenda marathoni hukimbia saa nyingi, lakini kwa mwendo anaoweza kuubeba. Mtoto wa mita 3200 yuko katikati, mahali pabaya: anakimbia dakika 9 hadi 13 karibu na ukomo wa nguvu zake, akiwa amekwisha kupashwa moto na mbio mbili za kabla. Jasho linapoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Siku yenye unyevu mwingi linadondoka bila kukauka, na mwili unabaki na moto wake. Ndiyo maana wataalamu hawatumii joto la hewa peke yake, bali kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, ukali wa jua na upepo, na kifaa chake ni kidogo cha kushika mkononi. Katika misimu yangu sita sijawahi kukiona uwanjani. Kinachosomwa kwenye spika ni namba ya ubao wa matangazo, ikifuatiwa na ushauri wa kunywa maji.

Mwili huzoea joto, hilo ni kweli, lakini huchukua siku 10 hadi 14 za mazoezi ndani ya joto lenyewe. Mashindano yenu huangukia wiki ileile ambayo joto la kwanza la mwaka linafika. Watoto hawa wamefanya mazoezi Machi wakiwa na glavu, Aprili katika mvua, na sehemu kubwa ya Mei katika hewa ya kawaida, kisha wanakutana na nyuzi 93 siku ya fainali. Agosti wangekuwa wameshazoea. Mwishoni mwa Mei hawajapata siku hizo.

Hapa nina neno la pembeni, nalo nitalisema kwa ufupi kwa sababu aliyelisema hakuwa na nia mbaya. Siku ile, binti akiwa ndani ya beseni, mtu mmoja mwenye beji aliniambia alishangaa, kwa kuwa alidhani watoto wa Afrika wamezoea joto. Mbulu kuna baridi ya kuvaa koti mwezi wa Julai. Iten ya Kenya, ambako wakimbiaji wa dunia nzima huenda kufanya mazoezi, iko kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, na asubuhi zake ni za ukungu. Milima ya Kivu Kusini anakotoka mama yule nako ni kwa baridi. Wakimbiaji wa Afrika Mashariki unaowasikia wametoka nyanda za juu, si jangwani, na hata angetoka jangwani, angekuwa ameishi katika jimbo letu miaka saba akifanya mazoezi kwenye theluji kama watoto wenu.

Nilikotoka hatukuwa na tartani, tulikimbia peku kwenye nyasi, na saa ya mwalimu wa michezo ilikuwa ya mkononi, tena ya kuazima. Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Lakini mbio ndefu zilikimbiwa asubuhi, umande ukiwa bado mguuni, na kuruka na kurusha ndiko kulikongoja jua. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo ni sayansi. Mwalimu alisema tu kwamba anayekimbiza watoto mbali saa nane mchana hajawahi kulima. Jimbo la Iowa, ambalo halina uhusiano wowote na mwalimu wangu, lina mashindano yake ya siku tatu katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Drake mjini Des Moines, na huko mita 3200 hukimbiwa siku ya kwanza na mita 1600 siku ya mwisho. Watoto wanaotaka mataji yote mawili wanayapata, na katikati wanalala.

Nafahamu kwamba siku tatu ni gharama: uwanja wa kukodi, mabasi, hoteli kwa shule za mbali, waamuzi ambao wengi wao ni walimu wastaafu. Ndiyo maana sikuanza kwa kuomba siku tatu. Kuihamisha mita 3200 ije saa mbili asubuhi hakuhitaji senti. Waamuzi wanaohitajika ni walewale, kibao ni kilekile, na kengele ni ileile. Shule zinazotoka mbali zitalazimika kuondoka alfajiri zaidi, hilo nalikubali, ingawa nyingi tayari hulala mjini kwa sababu ya mita 800 mara nne. Makocha watanung'unika kwamba mtoto ataingia kwenye vijiti akiwa amechoka. Huenda. Lakini atachoka katika hewa ya nyuzi 65, na uchovu wa namna hiyo tunaujua dawa yake, ni kupumzika. Wapo pia watakaosema kwamba asubuhi jukwaa ni tupu na watoto watakosa kushangiliwa. Mimi nimesimama pale saa tisa alasiri: jukwaa la upande wa jua huwa tupu vilevile, kwa sababu watazamaji wana akili na wamekwenda kivulini.

Ratiba ikibadilishwa au isibadilishwe, beseni la barafu lihamishiwe karibu na mstari wa kumalizia. Hili haliwezi kungoja kikao. Joto la ndani ya mwili likipita nyuzi 40 za Selsiasi na akili ikaanza kuyumba, mgonjwa anatakiwa kutumbukizwa hadi shingoni katika maji ya barafu yanayokorogwa, ndani ya nusu saa, naye apozwe kwanza ndipo gari la wagonjwa limchukue. Katika mbio za barabarani za Falmouth, Massachusetts, zinazofanyika Agosti, wahudumu walitibu wagonjwa wa namna hiyo 274 katika kipindi cha miaka 18, wakiwapoza kwa maji ya barafu hapohapo kwenye mbio, na hakufa hata mmoja. Kama bomba liko mbali, mpira wa bustani wa futi 200 unauzwa dukani; nitaununua mimi.

Na mwamuzi wa mstari afundishwe kuuliza swali moja, jina lako nani au uko wapi, na asikilize kama jibu lina maana. Akijibiwa kwa lugha asiyoijua na mtoto ambaye dakika 15 zilizopita alikuwa akizungumza naye kwa Kiingereza safi, hiyo ni dalili tosha. Pale mstarini awepo japo mtu mmoja anayejua lugha za nyumbani za watoto wanaokimbia. Orodha ya shule mnayo, na shule zinajua. Mwaka juzi maswali ya daktari kuhusu dawa na mizio yaliulizwa kwa mama mtu kupitia kwangu, mtu wa kugeuza kibao, tena kwa bahati tu, kwa kuwa ningeweza kuwa nimepangwa siku hiyo kwenye shimo la miruko mirefu.

Kamati yenu hupitia ratiba kabla ya msimu mpya kuanza. Ninaomba dakika 10 katika kikao hicho, na ninaomba tarehe yake itangazwe kwa lugha ambazo wazazi wanazisoma. Sitakuja peke yangu. Mama yake binti amesema atafunga kibanda chake cha sokoni siku hiyo aje, na kwamba ana maswali ya kuwauliza ambayo nitayatafsiri mmoja baada ya mwingine. La kwanza mmekwisha kulisoma humu.

Wenu katika michezo,

Mzazi, na mhesabu raundi wa kujitolea, mstari wa kumalizia